'Toa': neno lililomfungia Bi Nywila nje ya nyumba yake

Ni saa tatu asubuhi, Jumatatu, na mafundi cherehani saba wameketi kwenye benchi la ofisi ya ushirika wao kama watoto wanaosubiri chanjo. Mbele yao amesimama mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi mweusi pale bawaba ilipovunjika. Hana chaki wala ubao. Amekuja na neno moja tu.

"Fumbeni macho," anawaambia. "Nikitamka neno, msinijibu kwa mdomo. Nijibuni kwa mkono. Toa."

Mikono mitatu inanyooka mbele, viganja juu, kama ya watu wanaokabidhi zawadi. Mitatu mingine inarudi kifuani, vidole vimebana, kama ya watu wanaochomoa uzi uliokosewa. Mkono wa saba umebaki juu ya mkoba. Huo ni wa mweka hazina, fundi wa mapazia, na mweka hazina hatoi kitu kwa sababu ya neno tupu.

"Haya, fumbueni," anasema. "Tazameni mikono yenu. Sasa mmejionea wenyewe kilichonifungia nje."

Wanacheka, naye anacheka, ila kicheko chake kina makali. Miezi michache iliyopita neno hilo lilimtupa nje ya kazi aliyoijenga kwa miaka sita, na nusura kazi yenyewe ichukuliwe na wengine.

Hapa ofisini hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Ni Bi Nywila, kwa sababu kila fundi anayesahau nywila yake, lile neno la siri la kuingilia mtandaoni, lazima apite mlangoni kwake akiwa ameinamisha kichwa. Yeye huwaambia kusahau si dhambi. Dhambi ni kuiandika nywila kwa chaki ya kitambaa na kuiacha juu ya cherehani, kama alivyofanya mmoja wao, ambaye hadi leo hataki kutajwa.

Ofisi yenyewe ni chumba cha nyuma ya karakana. Cherehani za upande wa pili zikianza kukimbia, meza yake hutetemeka na kikombe cha chai husogea chenyewe mpaka ukingoni. Amezoea kukirudisha bila kukitazama.

Kazi yake si ngumu kueleza. Kila fundi wa ushirika ana tovuti yake ndogo yenye picha za nguo, bei na namba ya simu. Tovuti hizo zaidi ya sitini ziko ndani ya mtandao mmoja, sawa na nyumba yenye vyumba vingi. Fundi ana ufunguo wa chumba chake. Ufunguo wa nyumba nzima, ule wa kuongeza chumba, kurekebisha kilichoharibika na kumfungulia aliyejifungia, anao msimamizi mkuu. Msimamizi mkuu ni yeye.

Kwa mwezi ushirika humlipa kiasi cha suti mbili na nusu. Ukimuuliza hiyo nusu ni koti au suruali, anakujibu kwamba inategemea mwezi. Kuna miezi nusu hiyo ni kifungo.

Hakusomea kompyuta. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mpiga chapa katika duka lenye kibao kilichoandikwa TUNATOA KOPI. Ukimkumbusha kibao hicho leo anashika kichwa. Miaka yote ile wateja waliingia wakatolewa kopi, na hakuna aliyedhani anakuja kunyang'anywa.

Hapo dukani ndipo alipojifunza kutengeneza tovuti, akiuliza huku na kubahatisha kule. Ushirika ulipotaka mtandao wake, yeye ndiye pekee aliyekuwa tayari kulipwa kwa suti.

Mtandao ulianza na Kiingereza chake kama ulivyotoka kiwandani. Fundi wa kofia, mtu mpole asiyeinua sauti hata akichomwa na sindano, alishinda kutwa nzima akipanga picha za kofia zake. Alipomaliza alikutana na vitufe viwili asivyovijua. Akabonyeza kile chenye rangi ya kupendeza. Kofia zote zikapotea.

"Hakunigombeza," anakumbuka Bi Nywila. "Angenigombeza ningepona. Aliniomba radhi, eti amenipotezea muda. Akavaa kofia yake, akaenda zake. Hatukumwona zaidi ya mwaka."

Jambo hilo lilimuuma. Lilimuuma zaidi aliposikia watu wakisema, kwa huruma kabisa, kwamba maskini fundi hajasoma. Kesho yake baada ya chakula cha mchana akafungua orodha ya maneno yote ya mtandao, akaanza kuyageuza Kiswahili. Kitufe baada ya kitufe, onyo baada ya onyo, hata zile samahani ambazo mashine humwomba mtu. Ilimchukua miezi. Mafundi walipoingia vyumbani mwao wakakuta wanasemeshwa kama watu, wengi walipiga picha ukurasa wakawatumia watoto wao. Na fundi wa kofia akarudi, polepole, kofia moja baada ya nyingine.

Sasa, kwenye ukurasa wa wasimamizi palikuwa na chaguo la kumwondolea mtu madaraka. Hapo Bi Nywila aliandika: Toa haki za usimamizi. Alimaanisha toa, kama unavyotoa mwiba mguuni. Aliyasoma maneno hayo, yakamkaa vizuri, akasonga mbele. Yakatulia pale miaka bila kumdhuru mtu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyabonyeza.

Yalimngoja mdogo wake ajifungue pacha.

Bi Nywila aliomba ruhusa akamsaidie. Kabla ya kusafiri akamfanya mwenyekiti wa ushirika awe msimamizi mkuu wa pili, ili nyumba isibaki bila mtu. Mwenyekiti huyo ni fundi wa suti, na wote humwita Mzee Sentimita kwa sababu ya futikamba yake, ambayo mkewe anaapa huivua akienda kuoga tu, na si kila mara. Ni mtu wa taratibu. Kushika madaraka bila kikao kulimnyima raha. Akaitisha kamati, na kamati kwa sauti moja ikaazimia kutoa haki za usimamizi kwa watu wawili, Bi Nywila na mwenyekiti mwenyewe.

Mzee Sentimita akafanya anachofanya mwenyekiti mwadilifu. Alikwenda kutekeleza azimio. Alifungua ukurasa wa wasimamizi, akayaona majina mawili, akayawekea alama yote mawili. Akatafuta palipoandikwa kile kilichoamuliwa na kikao, akakipata neno kwa neno, moyo ukamwia mweupe: Toa haki za usimamizi. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Akaona hata mashine ina adabu. Akabonyeza Tekeleza.

Mahakama ikitoa haki, watu hushangilia. Hapa haki zilipotolewa, nyumba ya vyumba sitini na ushee ilibaki bila mwenye ufunguo.

Bi Nywila aligundua kesho yake, amekaa kwenye kochi la mdogo wake, pacha mmoja amelala begani, akitaka kumfungulia fundi aliyesahau nywila. Badala ya mlango kufunguka, akasoma: "Samahani. Huna ruhusa ya kuingia hapa. Mwone msimamizi."

Sentensi ile aliiandika mwenyewe. Anakumbuka hata siku alipoamua kuweka samahani mwanzoni, ili fundi asijisikie amefukuzwa.

"Nikajiuliza, mwone msimamizi? Msimamizi si ndiye mimi? Nijione wapi, kwenye kioo?"

Mdogo wake alicheka mpaka pacha wa pili akaamka. Yeye hakucheka. Alimpigia Mzee Sentimita, ambaye kabla hata ya salamu kwisha alimpongeza kwa furaha na kumwambia mambo sasa ni rasmi, kikao kimetoa na yeye ametoa. Bi Nywila akamwomba amsomee, taratibu, maneno aliyoyabonyeza. Akasomewa. Yalikuwa yale yale aliyoyaandika yeye.

"Ningemlaumu kwa lipi?" anasema. "Alisoma nilichoandika, akafanya alichosoma. Mtu akikuelewa vizuri kuliko ulivyojielewa mwenyewe, hilo si kosa lake."

Mumewe, seremala asiyekosa neno, alimwambia kwamba ndiye mtu wa kwanza kufukuzwa kazi na mashine aliyoifundisha kuongea.

Aliporudi ofisini alikuta foleni. Shida ya kuchekesha kidogo ilikuwa ya fundi wa sare za shule. Namba yake ya zamani ya simu, iliyokuwa bado kwenye tovuti yake, ilikuwa imeshapewa muuza nyama, naye fundi alikuwa amesahau nywila ya kuingia akaibadilishe. Msimu wa sare ulikuwa umefika. Wazazi walipiga kuulizia sketi za watoto, wakajibiwa kwamba sketi hakuna ila maini yapo. Kwa msimamizi mkuu hiyo ni kazi ya dakika moja. Kwa mtu asiye msimamizi ni sawa na kutazama nyumba yako kupitia dirishani.

Aliyekasirika zaidi alikuwa mweka hazina. Tuseme ukweli, mama huyu si mtu mbaya. Ni mtu anayepima pazia mara tatu kabla ya kukata, na hakuelewa kwa nini nyumba ya wote ifungwe na neno moja. Alimleta mtaalamu kutoka kampuni moja ya tovuti, kijana mwenye heshima zake, aliyekagua akasema bila kuficha kwamba kwa mlango wa mbele hakuna njia. Kampuni yake ingeweza kuwajengea mtandao mpya ndani ya mfumo wake. Wa Kiingereza. Mafundi wasingehitaji tena kuingia wenyewe. Wangetuma picha, na wafanyakazi wa kampuni wangewawekea.

Kikao cha kuamua kilipangwa Jumamosi.

"Dada, mimi nakuheshimu," mweka hazina alimwambia mbele ya watu. "Lakini Kiswahili chako ndicho kilichotufungia nje. Mashine ina lugha yake, inajulikana. Tuiachie."

Bi Nywila anasema siku ile aliondoka na hasira zake, kwa sababu mtu mwenye hasira husema ya kujutia. Hakuogopa kupoteza zile suti mbili na nusu. Alimfikiria fundi wa kofia. Alijua ushirika ukikubali, hakuna fundi atakayeingia tena chumbani mwake kwa ufunguo wake. Atakaa nje, apeleke picha dirishani, angoje hisani.

"Nikajisemea hapana. Nyumba tumejenga wenyewe. Mlango wa mbele ukifungwa, nyumba haijahama."

Mlango wa nyuma ulikuwepo. Mtandao wao umehifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni nyingine, na ufunguo wa huko alikuwa nao yeye siku zote. Alichokosa ni ujasiri, kwa sababu huko nyuma hakuna vitufe wala samahani. Ni mapipa ya data tu, na mkono ukiteleza nyumba nzima inaweza kuanguka.

Aliipigia kampuni hiyo. Akapokewa na mwanamke ambaye hadi leo hajawahi kumwona, anamjua kwa sauti tu. Dada huyo alimweleza kwamba kanuni zao hazimruhusu kugusa mambo ya ndani ya mteja, ila hakuna kanuni inayomzuia kubaki kwenye simu. Akamsisitizia jambo moja: kabla ya kugusa chochote, achukue nakala ya kila kitu, aiweke kando.

Akachukua nakala. Kisha akaingia, akatafuta mpaka akapata mstari mmoja ambamo mfumo huweka majina ya wasimamizi wakuu. Ulikuwa mtupu. Sifuri. Akaelezwa namna ya kuujaza: kwanza idadi ya watu, kisha urefu wa jina kwa hesabu ya herufi, halafu jina lenyewe. Urefu usipolingana na jina, mfumo hauelewi kitu.

Mzee Sentimita alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, futikamba shingoni, tangu asubuhi hajashona hata kifungo. Aliposikia hayo uso ulimng'aa. "Kumbe ni oda ya suti," akasema. "Watu wangapi, vipimo, halafu kitambaa."

Bi Nywila akaandika watu wawili. Jina lake ndani ya mtandao ni binywila, akahesabu herufi, nane. Jina la mzee ni sentimita. Macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta na simu ikiwa sikioni, akamwomba mzee ampe kipimo cha jina lake.

Mzee akahesabu kwa vidole, kwa makini ya mtu anayepima mabega ya bwana harusi. "Nne," akasema.

Akaandika nne. Akahifadhi. Akafungua tovuti ya ushirika, ukurasa ukaja mweupe. Akafungua ya fundi wa sare, nyeupe. Ya kofia, nyeupe. Nyumba nzima ilikuwa imezimika, na simu ya mezani ikaanza kulia. Mweka hazina alikuwa amefika mlangoni wakati huohuo. Alisimama pale pale, mkoba kwapani, akizitazama kurasa nyeupe.

"Nilitaka kufuta kila nilichoandika," anasema. "Nikasikia ile sauti kwenye simu inaniambia polepole, dada, nakala unayo. Usikimbie. Rudisha kama ilivyokuwa, kisha uhesabu upya."

Akairudisha nakala. Kurasa zikafufuka. Kisha akamgeukia Mzee Sentimita, akamwomba ahesabu tena, kwa sauti.

"Se," mzee akakunja kidole. "Nti. Mi. Ta. Nne."

Alikuwa amehesabu silabi, kama walivyofundishwa darasa la kwanza wakipiga makofi. Mashine haikupigiwa makofi. Yenyewe inahesabu herufi mojamoja, na kwa hesabu hiyo sentimita ni tisa. Bi Nywila anasema alicheka hapo, kicheko cha ajabu kilichochanganyika na machozi, na mzee akacheka kwa sababu yeye amecheka. Dada wa kwenye simu akauliza kuna nini, akaambiwa, naye akacheka. Mweka hazina peke yake ndiye aliyebaki amenuna, na hata yeye aligeuza uso.

Akaandika tisa. Akahifadhi. Akafungua ukurasa wa wasimamizi.

"Karibu tena, Bi Nywila," mashine ikamwandikia.

Sentensi hiyo pia ni yake. Aliitafsiri zamani bila kufikiri. Siku ile aliisoma kama barua kutoka kwa mtu. Kisha akapangusa miwani, akambadilishia fundi wa sare nywila, na muuza nyama akapumzika.

Lakini kupata ufunguo halikuwa jambo la mwisho. Jumamosi kikao kilikaa vilevile. Mweka hazina alisimama akasema hana kinyongo, anashukuru nyumba imefunguliwa, ila swali lake liko palepale. Leo ni toa, kesho itakuwa neno gani? Hata kuhesabu, akasema, sisi tunahesabu kivyetu na mashine kivyake. Kwa nini tusiiachie lugha yake tukalala usingizi?

Wengine walitikisa vichwa kukubali. Bi Nywila akasimama. Waliokuwepo wanasema hakupandisha sauti, lakini cherehani moja iliyokuwa inaendelea kushona chumba cha pili ilinyamaza.

"Kitufe cha Kiingereza kilifuta kofia za fundi huyu hapa," alisema, akimwonyesha fundi wa kofia. "Siku ile hatukuitisha kikao. Hatukusema Kiingereza hakifai. Tulisema fundi hajasoma. Leo Kiswahili kimekosea mara moja, tena kwa kosa langu mimi, mnasema lugha haifai. Kwa nini ile ikikosea kosa ni letu, na hii ikikosea kosa ni lake?"

Akawageukia wale waliokuwa wametikisa vichwa.

"Neno nimelikata vibaya, nakubali. Mshono ukikosewa hatutembei uchi. Tunafumua, tunashona upya. Nyinyi ndio mlionifundisha hivyo, na mimi sijui hata kupandisha pindo."

Mzee Sentimita akaomba nafasi. Alikiri kwamba kidole kilichobonyeza ni chake na silabi ni zake, na kama kuna mtu wa kuondolewa basi waanze na mwenyekiti. Fundi wa kofia naye akanyanyua mkono, jambo ambalo kikao hakikuwahi kuliona. Alisema neno moja fupi, kwamba yeye Kiingereza kikirudi, ataondoka tena, na safari hii hatarudi.

Wakapiga kura. Mikono ya kubaki na nyumba yao na lugha yao ilikuwa mingi kuliko ya kuikabidhi, ingawa si mingi kama hadithi hii inavyosimuliwa siku hizi karakanani. Mweka hazina hakunyanyua mkono upande wowote. Alidai sharti moja liingizwe kwenye uamuzi: neno lolote lisikae tena kwenye kitufe kabla mafundi wenyewe hawajalipima.

Alidhani amemfunga mikono. Bi Nywila aliona amepewa alichokuwa akikitamani miaka yote akitafsiri peke yake. Ndipo zilipozaliwa Jumatatu hizi, na mwenye sharti hakosi hata moja, mkoba mapajani, macho makali.

Na hapa benchini leo kazi bado inaendelea. Toa limekufa, wamekubaliana. Sasa linatafutwa la kuchukua nafasi yake. Mmoja anasema ondoa. Mwingine anasema ondoa ni kweli linaondoa, lakini la kumpa mtu litakuwa lipi, maana ongeza halimpi mtu heshima. Mzee Sentimita anapendekeza maneno marefu yenye harufu ya katiba, anazomewa kwa upendo.

Fundi wa kofia anakohoa kidogo.

"Mvike kofia," anasema, akiwa ameinamia vidole vyake. "Na ukitaka kumwondolea, mvue kofia. Hakuna mtu asiyejua kofia inakwenda wapi."

Kisha Bi Nywila anawaambia tena wafumbe macho. Anatamka mvike, na mikono yote inapanda kichwani. Anatamka mvue, yote inashuka. Hata ule uliokuwa juu ya mkoba umepanda ukashuka. Mwenyewe, akigundua ameonwa, anajifanya anarekebisha kilemba.

Anaketi mezani, anarudisha kikombe cha chai kutoka ukingoni, anaandika. Kwenye ukurasa wa wasimamizi, pale palipokuwa na lile neno, sasa panasomeka Mvue kofia ya usimamizi. Juu yake, Mvike. Kikao kiliamua pia kwamba ufunguo usiwe tena mikononi mwa watu wawili tu, na Mzee Sentimita anaombwa aketi amvike msimamizi wa tatu. Anasoma kitufe. Anakisoma tena. Anamgeukia Bi Nywila amhakikishie kwamba kinavisha kweli. Ndipo anapobonyeza, na simu inalia ndani ya mkoba wa mweka hazina kumwarifu kwamba yeye sasa ni msimamizi mkuu.

"Mimi?" anauliza.

"Mwenye kupima mara tatu ndiye tunayemtaka," Bi Nywila anamjibu. "Nikikosea tena, wewe ndiye utakayenifungulia."

Mweka hazina anausoma ujumbe mara tatu. Halafu anauliza, kwa ukali wake wa kawaida, neno la Jumatatu ijayo ni lipi.

Ni Tekeleza. Bi Nywila anasema mafundi wawili wenye miwani ya zamani wamekiri kwamba kila wakikiona kitufe hicho husoma Teketeza, na ndiyo maana kwa miaka yote hawajawahi kukigusa. Baada ya hapo yapo mengine mamia. Wakimaliza, anapanga kuyagawa bure kwa washona viatu na wachomelea vyuma, ambao nao wanataka mtandao wao. Wachomelea wameshamtumia ujumbe kwamba kofia kwao ni ya chuma, nao watashukuru ikizingatiwa.

Tunapoagana namuuliza kama haogopi. Maneno ni mengi, na binadamu hukosea. Siku moja anaweza kujikuta tena nje, akisoma sentensi yake mwenyewe ikimwambia hana ruhusa.

Anavua miwani, anakaza ule uzi mweusi kwenye bawaba, anaivaa tena.

"Kufungiwa nje siogopi," anasema. "Ninachoogopa ni kufungiwa nje kwa lugha ambayo sijui hata kuipigia hodi."